Pua za Kipanga

Iko nchi, njia yake msiniulize, inaitwa Utazamo. Aliyekwenda huko akarudi ni fundi Mbwana Shekue, mnyoosha bodi za magari wa Korogwe, mtu asiyetia chumvi hata kwenye maharage yake mwenyewe. Ninaisimulia kama alivyoileta. Nimeongeza hasira tu, kwa kuwa yeye aliniambia yote akiwa ametulia, na mimi sikuweza.

Mpakani palikuwa na meza moja, ofisa mmoja na fomu ya kurasa nne. Jina la mgeni lilitengewa mstari mfupi. Sehemu yote iliyobaki iliuliza rai yake juu ya uso mpya wa Kipanga.

"Kipanga ndiye nani?" Shekue akauliza.

Ofisa akamtazama kama mtu aliyeulizwa jua ni kitu gani. "Gari la taifa, mzee. Kipanga wa Nane anazinduliwa mwezi huu. Pua zimezibwa. Unaonaje?"

"Sijaliona, bwana."

"Sikukuuliza kama umeliona. Nimekuuliza unaonaje."

"Basi ngoja nilione kwanza, ndipo niseme."

Ofisa alicheka mpaka akamwita mwenzake kutoka chumba cha ndani aje asikie. "Mzee wangu," akasema akijifuta machozi, "ukiliona kwa karibu hutaruhusiwa kusema tena." Kisha akagonga muhuri: MGENI, HANA RAI, AANGALIWE.

Shekue alikuwa ameitwa kwa kazi. Mnyoosha bodi wa nchi ile alikuwa amefariki, na mlango mmoja wa gari jipya ulikuwa na kijiwimbi kwenye bati, kidogo tu, ila ukiinama ukauangalia kwa ubavu unakiona. Katika nchi yenye watu laki sita hakupatikana mwingine wa kukinyoosha. Wengi walijua kukijadili.

Maana Kipanga ni gari la mbio, la watu wawili, jekundu kama pilipili, na kila baada ya miaka tisa huundwa jipya. Moja tu. Watazamo hawajawahi kulipanda na wala hawatamani kulipanda; wanalipenda. Hutazamwa kutoka jukwaani, hatua arobaini nyuma ya kamba. Barabara nayo ni moja nchi nzima, kilomita saba za lami inayoteleza kwa ulaini, inashuka kutoka Kilima cha Karakana hadi Uwanja wa Sifa, na kuikanyaga kwa mguu ni kosa la jinai. Siku ya kwanza Shekue alipishana na wanaume wanne waliombeba mama mjamzito kwenye kitanda cha kamba. Walikuwa wakipita kwenye mawe na michongoma, kandokando ya lami ile tupu. Mama yule alikuwa ameuma kanga yake kwa uchungu. Wabebaji walikuwa wakibishana juu ya taa za nyuma.

Saa kumi alasiri king'ora hulia. Kila mtu hutoka, husimama mlangoni pake na kusema rai yake kwa sauti, na makarani wa Wizara ya Rai hupita na madaftari wakiandika. Anayenyamaza siku tatu mfululizo huhesabiwa mgonjwa. Hupelekwa zahanati ya wasiojali, na huko husomewa rai za wengine mpaka apate yake. Zahanati hiyo ina vitanda mia nne. Ya wazazi ina kumi na viwili.

Mwaka ule taifa lilikuwa limegawanyika pande mbili. Kipanga wote tangu wa Kwanza walikuwa na matundu mawili chini ya taa, kila moja la kuweza kumeza embe dodo, nayo yakiitwa pua. Mchora Mkuu wa Wizara alikuwa ameyaziba kwa bati laini, baada ya kura ya maoni kuonyesha kwamba Kipanga wa Saba anafanana na mtu mwenye mafua. Chama cha Uso Laini kilishangilia. Chama cha Pua kilivaa nguo nyeusi. Ndoa zilivunjika. Kuna hakimu aliyemwachia mwizi wa mbuzi kwa sababu mwizi alilia mahakamani akiitaja pua ya kushoto. Mzee mmoja, aliyeandika vitabu kumi na kimoja juu ya taa ya nyuma ya Kipanga wa Tano, alitangaza kwamba Kipanga wa kweli alikwisha na huyo wa Tano, na kwamba huyu wa Nane ni pasi ya mkaa iliyotiwa magurudumu. Shekue aliingia maktaba ya Wizara akaomba kumbukumbu za mwaka wa Kipanga wa Tano. Akakuta picha ya mzee huyohuyo, kijana wa nywele nyingi, akilirushia gari lile mayai viza.

Palikuwa na sheria moja iliyowaunganisha wote, Uso Laini kwa Pua. Inaitwa Sheria ya Mikono Misafi. Inasema hivi: aliyeligusa gari ana maslahi nalo, mwenye maslahi hawezi kusema haki, kwa hiyo haki imo kinywani mwa asiyeligusa. Msicheke. Hoja hiyo ukiipitisha haraka masikioni inafanana na akili, na nimewahi kuona watu wazima wakiitikia kwa vichwa hoja dhaifu kuliko hiyo. Basi mafundi na madereva wa Kipanga huitwa Wagusaji. Hawapigi kura, hawasemi barazani, na raia anayemgusa Mgusaji, hata kwa kumpa mkono, naye huwa Mgusaji siku hiyohiyo. Wanaishi mtaa mmoja nyuma ya karakana, Mtaa wa Grisi. Saa kumi ikilia, karani huupita mtaa huo na daftari lake kwapani, limefungwa.

Shekue aliweka kiganja juu ya mlango wa Kipanga wa Nane asubuhi ya siku ya pili. Hapo hapo akawa Mgusaji. Anasema hakusikia tofauti yoyote, bati lilikuwa bati.

Aliyempokea karakana alikuwa dereva mwenyewe, mwanamke wa miaka thelathini na mitano aitwaye Sikudhani. Mwembamba, mcheshi, mikono yake na usukani vilikuwa vimezoeana. Alimwendesha Kipanga wa Saba miaka yote tisa na miwili ya majaribio kabla yake, na hakuna karani aliyewahi kumwuliza neno.

"Fundi, kijiwimbi chako hicho hapo," alisema. "Ukimaliza, nitakuonyesha kitu ambacho hukuitiwa."

Kijiwimbi kilikwisha kwa dakika ishirini. Sikudhani akamkaribisha kiti cha pembeni, wakateremka kilomita tatu za kwanza, halafu akasimama kwa shida kwenye uwazi wa kando na kuzima injini. Harufu ya kuungua ikajaa. Shekue alishuka, akapiga magoti, akachungulia ndani ya gurudumu la mbele. Diski ya breki ilikuwa imegeuka rangi ya buluu.

"Pua zile zilikuwa zinaleta upepo hapa," alisema.

"Ndiyo kazi yake. Walidhani ni pambo." Sikudhani aliegemea boneti. "Kilomita tatu za kwanza zinashika. Ya nne, ukikanyaga pedali unahisi kama umekanyaga uji. Siku ya uzinduzi nashuka saba, kwa mwendo waliouandika kwenye ratiba, na chini kabisa pana jukwaa la watu elfu tatu."

"Kata matundu. Nipe nusu siku."

"Uso ni wa Wizara. Ukiukata bila idhini ya Baraza wanakufunga wewe, mimi, na wanaziba tena."

"Basi kataa kuendesha, dada yangu."

"Nikikataa atapewa Makame, mwanafunzi wangu. Ana miaka ishirini na mmoja, na hajui kushuka kwa gia. Mimi nikijitahidi na gia huenda nikafika." Aliangalia chini kwenye mteremko. "Huenda."

Waliandika barua kwa Wizara ya Rai, ukurasa mmoja, lugha nyepesi: breki zinachemka, rudisheni upepo. Barua ilirudi siku ya tatu ikiwa haijafunguliwa. Juu ya bahasha palikuwa na maneno mawili: MWANDISHI AMELIGUSA.

Hapo ndipo Sikudhani alipomtaja mama yake.

Bi Mwajabu alikuwa mwenye mikono misafi kuliko raia wote wa Utazamo. Umri wake ulikuwa miaka sabini, thelathini kati ya hiyo akiwa amekaa safu ya mbele ya Baraza la Wapenzi wa Kipanga, upande wa Uso Laini. Tangu ujana wake alikuwa akitaka pua zizibwe, na sentensi yake mashuhuri, "Uso usio na tundu ni uso usio na siri," ilikuwa imesimikwa kwa herufi za shaba kwenye Ukuta wa Sifa, kule chini mwisho wa barabara, mahali zinapowekwa rai bora za taifa. Binti alipochaguliwa kuwa dereva, mama alilia siku mbili, kisha akachagua kubaki raia. Walikuwa wakionana Jumamosi kwenye Uwanja wa Kamba, hatua arobaini kati yao, kama jamaa wengine wa Wagusaji. Miaka kumi na mmoja.

Jumamosi ile Shekue alifuatana na Sikudhani.

"Shikamoo, mama!" binti alipaza sauti.

"Marahaba, mwanangu! Umekonda! Unakula?"

"Nakula! Mama, nisikilize, nina neno!"

Akamweleza kwa kupiga kelele, na watu wengine huku na huku nao wakipigiana kelele za mahari na homa za watoto. Alieleza upepo, diski, pedali, kilomita ya nne. Bi Mwajabu alisikiliza ameshika tama. Shekue, aliyezoea kulisoma bati na kujua lilipoanzia kupondeka, alimtazama mama yule usoni akaona kwamba ameelewa. Ameelewa kila neno.

"Wewe ndiye fundi?" bibi aliuliza. "Ni kweli asemayo?"

"Kweli tupu, Bi Mkubwa. Breki hazitafika chini."

"Na pua zikirudi?"

"Anafika salama."

Bibi alizishika ncha za mtandio wake. Ndoto ya maisha yake ilikuwa uso ule. "Jumatatu nitasimama," alisema, akilifupisha jina la bintiye. "Siku, mwanangu, Jumatatu nitasema."

Jumatatu Wagusaji waliruhusiwa kusikiliza kutoka nyuma ya wavu wa waya, wakiwa wima. Spika wa Baraza, Mheshimiwa Fikirini Kombe, alikuwa mtu mnene mwenye sauti nzuri, na alijua kwamba anayo. Kikao kilianza saa tatu. Mjumbe mmoja alisema amekosa usingizi tangu aione picha ya uso mpya. Mwingine alisema Kipanga sasa anafanana na kambare aliyefunga ndoa na kijiko. Wa tatu, wa Uso Laini, alisema hao wote hawana macho, kwamba urembo wa kweli hauhitaji kupumua. Maneno hayo yalipigiwa meza, na karani akayasoma mara ya pili ili yaandikwe sawasawa. Wakabishana saa nzima kama wekundu ule ni wa pilipili au wa damu ya mzee. Shekue alijaribu kuhesabu ni mara ngapi neno "breki" limetajwa. Hakupata hata moja.

Ndipo Bi Mwajabu akasimama, na ukumbi ukatulia kwa heshima.

"Mheshimiwa Spika," alianza. "Naomba kuzungumzia breki."

Minong'ono. Spika alitabasamu. "Breki ziko upande gani wa uso, Bi Mwajabu?"

Kicheko kikapita safu kwa safu. Bibi alisubiri kiishe. "Pua zikizibwa, breki hazipati upepo. Gari litashindwa kusimama."

"Hilo umelijuaje?"

"Nimeambiwa."

"Na nani?"

Bibi aligeuza uso kidogo kuelekea wavu wa waya. "Na mwanangu."

Tabasamu la Spika likaondoka. Katibu alisogea akamnong'oneza. Katika Utazamo neno lenyewe haliulizwi kama ni la kweli. Huulizwa limepita mikononi mwa nani. "Bi Mwajabu," Spika akasema polepole, "mwanao ni Mgusaji. Sheria inanilazimu kuuliza, na ninauliza kwa uchungu, kwa mtu ambaye sentensi yake iko ukutani. Maneno hayo umeyapataje kwake? Je, umemgusa?"

Sikudhani alikuwa ameushika wavu kwa vidole vyote kumi.

Mama angeweza kusema, "Niliyemzaa nisimguse?" Angeweza kusema, "Hilo si swali, swali ni breki." Nimeyafikiria mimi majibu hayo nikiwa nimekaa kwangu na chai, na ni rahisi. Bi Mwajabu alikuwa amesimama mbele ya watu mia tatu ambao ndio maisha yake yote.

"Sijamgusa," alisema. "Miaka kumi na mmoja sijamgusa."

Ukumbi mzima uliinuka. Pua kwa Uso Laini, waliinuka wote, wakapiga makofi. Walipiga makofi mpaka mzee wa vitabu kumi na kimoja akatoa leso. Spika alishuka kwenye kiti chake akambandika bibi nishani ya Mikono Misafi kifuani. Bibi alifungua mdomo aendelee. Kweli, Shekue anaapa alifungua. Spika akainua mkono: "Usiiharibu saa nzuri kama hii, mama yetu." Makofi yakaanza upya. Bi Mwajabu akakaa.

Hoja ya breki haikuandikwa. Uso mpya ulipita kwa tofauti ya kura kumi na nne.

Nje, Sikudhani alijipangusa viganja vilivyochorwa alama za waya. "Amejaribu," alisema.

"Hakujaribu," Shekue alijibu, na anasema hadi leo hajui kama alifanya vizuri kulisema. "Alipigiwa makofi."

Asubuhi ya uzinduzi ilikuwa ya jua kali. Sikudhani alivaa glavu, akaangalia mafuta ya breki ambayo hayakuwa na kosa lolote, akamwita Makame, akamwonyesha tena jinsi ya kushusha gia bila kuruka. Kisha akamwambia Shekue, kwa sauti ya mtu anayeagiza sukari dukani, "Breki zikizama, naupinda usukani upande wa kulia, kwenye ukuta. Kushoto kuna watu."

"Siku."

"Ndiyo, Fundi?"

Shekue akamfungia mlango, ule aliounyoosha mwenyewe. Anasema ulifungika vizuri.

Shekue na Wagusaji wenzake walikuwa wamejipanga juu ya kilima, kutoka hapo barabara yote inaonekana. Kilomita ya kwanza, ya pili, ya tatu, gari lilishuka zuri, na kelele za jukwaa zikasikika hadi juu. Kwenye ya nne taa za breki ziliwaka zikabaki zinawaka. Ya tano alisikia injini ikilia kwa gia ndogo, kilio kirefu, Sikudhani akipigana nayo. Ya sita mwendo ulipungua kidogo, na Shekue akaanza kuomba kwa sauti. Ya saba haukupungua tena. Mbele kulikuwa na jukwaa, watu elfu tatu wenye bendera, safu ya mbele mama yake.

Gari lilipinda kulia likaupiga Ukuta wa Sifa.

Aliwaacha hai wote. Aliwaacha hai ili wapate la kusema.

Makame na Shekue walikimbia ile lami kwa miguu, kosa la jinai, kilomita saba. Walipofika, vumbi lilikuwa limetua. Hakuna raia aliyekuwa amesogea. Wote walikuwa nyuma ya kamba, hatua arobaini, kama ilivyoandikwa, na walinzi wawili walikuwa wamemshika Bi Mwajabu mabega, naye akitoa sauti isiyo ya maneno. Wagusaji walimtoa Sikudhani kwenye kiti chake. Alikuwa amekwisha kufa. Makame aliivua ile glavu ya kushoto akashindwa kuivua ya kulia.

Ndipo mtu mmoja safu ya tatu akasema, si kwa ubaya, kwa mshangao wa kweli: "Lakini tazameni uso wake sasa."

Wakatazama.

Bati la mbele lilikuwa limebonyea katikati na kuinuka pembeni, na herufi za shaba za ukuta zilikuwa zimejichapa ndani ya mbonyeo, kinyumenyume, USIO NA SIRI. Mtu wa Pua alisema mbonyeo ule una kina, pua zenyewe zilikuwa hivyo. Mtu wa Uso Laini alisema hauna tundu hata moja. Kwa mara ya kwanza tangu mgawanyiko ule walikuwa wanakubaliana juu ya uso. Kufikia saa kumi, king'ora kilipolia, mbonyeo ulikuwa na jina: Tabasamu. Siku ya nne Baraza liliupitisha kwa kauli moja kuwa uso rasmi wa Kipanga wa Nane. Mchora Mkuu alipata nyumba.

Sikudhani alizikwa na Wagusaji, nyuma ya karakana. Mama yake alisimama hatua arobaini na nishani kifuani, na mazishi yalipokwisha alibaki amesimama palepale.

Wizara ilimwita Shekue. Mheshimiwa Fikirini alimpa maagizo kwa ile sauti yake nzuri: asafishe damu, arekebishe magurudumu na injini, alipake rangi, ila Tabasamu lisiguswe hata kwa kucha, lisuguliwe ling'ae. Makame ataliendesha uzinduzi utakaporudiwa, wiki ijayo, kilomita saba, mwendo uleule.

"Na breki?" Shekue aliuliza.

"Fundi," Spika alisema, kwa upole, "taifa liko katika maombolezo. Si wakati wa mambo ya kiufundi."

Shekue alirudi karakana. Alipanga nyundo zake juu ya gunia: ya mpira, ya mbao, ile ndogo ya chuma yenye uso bapa. Alifikiria atafungwa miaka mingapi. Akafungua boneti, na alipoinua macho mtu alikuwa amesimama mlangoni, ndani ya kamba, mahali ambapo raia hafiki.

"Unafanya nini, Fundi?" Bi Mwajabu aliuliza.

"Nanyoosha, Bi Mkubwa. Nikimaliza natoboa pua."

"Watakufunga."

"Wacha wanifunge."

Bibi alisogea mpaka mbele ya gari. Alizitazama herufi zake kwenye bati, zimegeuka, na madoa ambayo Shekue hakuwa amemaliza kuyaosha. "Peke yako utaweza?"

Kwa kweli hakuweza. Bati la namna ile huhitaji mtu wa kushikilia kipande cha chuma kwa ndani wakati mwingine anapiga kwa nje. Bila hivyo linakunjika upya. Makame alikuwa amekwenda kutafuta gundi na msasa. "Nahitaji mtu wa kushika," Shekue alisema. "Lakini wewe usiguse. Ukigusa hapa husemi tena. Kiti chako cha barazani kimekwenda."

"Nimesema miaka thelathini, baba." Alibandua nishani, akaiweka juu ya gunia, kati ya nyundo. "Nionyeshe pa kushika."

Akashika. Kwa mikono yote miwili, kwa ndani, upande ulio karibu zaidi na alipokuwa amekaa mwanawe. Shekue akapiga. Herufi ya mwisho ilikuwa imeingia kwa kina kuliko nyingine, na walipoifikia king'ora cha saa kumi kikalia. Mji mzima ulitoka milangoni. Laki sita za sauti zikaanza kulisifu Tabasamu. Mdomo wa bibi ulifunguka wenyewe, kwa mazoea. Shekue akashusha nyundo.

"Nisubiri, Bi Mkubwa?"

"Piga."

Akapiga hadi bati likawa laini, kisha akachukua msumeno wa chuma akakata matundu mawili, kila moja la embe dodo.

Shekue alihukumiwa kwa kuharibu uso wa taifa, na kwa kuwa ni mgeni asiye na rai akafukuzwa badala ya kufungwa. Muda wa kuziba tena haukuwepo, kadi za mwaliko zilikuwa zimekwisha kugawiwa. Makame alishuka kilomita zote saba akasimama mbele ya jukwaa kwa utulivu, mguu wake ukiwa mwepesi juu ya pedali. Watu wengi walisema uzinduzi ulipooza. Chama cha Pua kilitangaza kwamba pua zimerudi kwa nguvu ya hoja zake, na kikasimika sentensi mpya ukutani, mahali palipokuwa na nafasi.

Mpakani ofisa yuleyule alisukuma fomu. "Rai yako kwa kifupi, mzee. Pua au Uso Laini?"

"Breki zilizama," Shekue alisema.

Ofisa alitafuta kwenye fomu, kurasa zote nne. "Hakuna pa kuliandika hilo."

Bi Mwajabu anaishi Mtaa wa Grisi, chumba kilichokuwa cha binti yake. Makame ndiye anayemchotea maji, na kila wiki humletea Shekue habari kwa barua. Saa kumi ikilia, bibi hutoka mlangoni, hunyoosha mtandio, na kwa sauti ileile iliyozoea ukumbi wa watu mia tatu husema maneno mawili: "Breki zilizama." Karani hupita, daftari kwapani, limefungwa.